Nuru Itokayo Ukutani: Picha, Vipimo na Ushahidi wa Kuta katika Historia ya Unguja

1. Utangulizi



Wanahistoria wa pwani ya Afrika Mashariki wamezoea kuvigawa vyanzo vyao katika mafungu matatu: masimulizi ya mdomo, hati zilizoandikwa, na mabaki yanayofukuliwa ardhini. Picha haikupewa fungu lake. Aghalabu hutiwa kitabuni baada ya hoja kukamilika, ikawa pambo la ukurasa, wala msomaji haambiwi ilipigwa saa ngapi, kwa nuru ipi, wala kwa kioo cha aina gani. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba picha ni chanzo kamili cha historia, lakini ni chanzo chenye masharti, kama vilivyo vyanzo vingine vyote.

Sharti kubwa ni hili. Picha iliyopigwa mara moja hutupa habari mbili zilizochanganyika: habari ya kitu chenyewe, na habari ya nuru iliyokiangukia saa ile. Macho yetu hayawezi kuzitenganisha kwa kuitazama picha hiyo peke yake. Mtafiti anayesoma jiwe lililochongwa katika karne ya 12 hujiuliza: je, alama hii ni mkato wa fundi, ni ufa wa jiwe, au ni kivuli cha saa nne asubuhi? Jibu lake laweza kubadili jina la mtu, na jina la mtu laweza kubadili historia ya mji. Hoja yetu ni kwamba jibu hilo halipatikani kwa kuikuza picha moja, bali kwa kukusanya picha kadhaa za kitu kimoja, zilizopigwa kwa muda tofauti na kwa nuru ya pande tofauti, kisha kuzipima pamoja. Mfano wetu mkuu utakuwa maandishi ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Lakini kabla ya kufika Kizimkazi hatuna budi kupitia Mji Mkongwe, ambako tatizo lenyewe huonekana wazi katika kila kichochoro.

2. Chokaa, shaba na njia za nuru

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, kuta zikapigwa lipu na kupakwa chokaa, na sakafu zikabebwa na boriti za mikoko. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe. Kwa hiyo ukuta wote, kiini chake na ngozi yake, asili yake ni bahari. Ngozi hiyo ina tabia ya pekee mbele ya jua. Ukuta mpya wa chokaa hauna mng'ao wa kioo. Nuru ikiupiga, huitawanya kila upande, na mtu akiutazama kwa mbele au kwa ubavu, weupe wake humwonekea karibu ule ule. Ndiyo maana uchochoro mwembamba usiofikiwa na jua moja kwa moja bado hupata mwangaza: ukuta mmoja huupokea na kuurushia wa pili.

Shaba haifanyi hivyo. Mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe unazikusanya tabia mbili mahali pamoja. Mbao zake, zikiwa kavu na kuukuu, huitawanya nuru kama ukuta, ingawa kwa uhafifu zaidi. Vichwa vya shaba vilivyopigiliwa juu ya mbao hizo huirudisha nuru upande mmoja zaidi kuliko pande nyingine, hata mpita njia akisogea hatua moja, kichwa kilichokuwa kikimeta hufifia na jirani yake huanza kumeta. Hivyo swali la kwamba kitu fulani kina weupe kiasi gani halijakamilika. Lazima tuulize pia: nuru imetoka wapi, na mtazamaji amesimama wapi?

Swali hili ni la kale, na ustaarabu wa Kiislamu uliolea elimu ya pwani yetu una sehemu kubwa ndani yake. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufariki Kairo mnamo mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba mwili ulioangaziwa huwa nao chanzo cha nuru, na kwamba kutoka katika kila nukta yake nuru hutoka kuelekea kila upande. Alifanya pia jaribio la taa. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba cha giza, na ndani ya chumba yakaonekana madoa ya nuru kwa idadi ya taa. Taa moja ilipozibwa, doa lake peke yake lilitoweka na mengine yakabaki. Maana yake ni kwamba nuru za taa mbalimbali hupita pamoja bila kuharibiana. Kanuni hii ndiyo inayoturuhusu leo kuipima nuru ya taa moja moja na kisha kujumlisha.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1760, Johann Heinrich Lambert alichapisha kitabu chake Photometria, akaiwekea hesabu tabia ya uso unaoitawanya nuru kwa usawa, kama ukuta wetu wa chokaa. Mwaka 1965 Mmarekani Fred Nicodemus aliutanua mjadala kwa kufafanua uwiano kati ya nuru inayoingia kutoka upande mmoja na nuru inayotoka kwenda upande mwingine. Kwa uwiano huo chokaa na shaba zaweza kuelezwa kwa lugha moja ya vipimo. Mtu anayetaka kuupima uso kwa ukamilifu sharti aubadilishe upande wa taa na upande wa jicho mara nyingi. Kipimo kimoja hakiwezi kuutolea uso hukumu.

3. Wapiga picha wa Unguja na mipaka ya kioo

Upigaji picha ulitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839, na haukuchelewa kufika kwetu. Safari ya nahodha Mfaransa Charles Guillain, ya miaka 1846 hadi 1848, ilichukua picha za dagerotipu katika pwani hii, na baadhi yake ziligeuzwa michoro ya kuchapwa. Mwaka 1860 James Augustus Grant, kabla ya kuanza safari ya bara pamoja na John Hanning Speke, alipiga picha mjini Unguja, nazo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za mji huu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wakaja wapiga picha wa kudumu, wengi wao Wagoa: A. C. Gomes na wanawe, ndugu wa Coutinho, na wengineo. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na watu wa Unguja wa tabaka nyingi wakapita mbele ya kamera yake.

Mafundi hawa walifanya kazi mahali pagumu kwa kamera. Nje wakati wa adhuhuri jua kali laweza kutoa kiasi cha luksi 100,000. Ndani ya ukumbi wenye madirisha madogo, nuru yaweza kushuka hadi luksi 100 au chini yake. Tofauti hiyo ni mara 1,000, sawa na kuongeza nuru maradufu mara kumi mfululizo. Jicho la binadamu huvumilia tofauti hiyo kwa kujirekebisha kidogo kidogo. Kioo chenye dawa hakikuweza. Fundi alilazimika kuchagua: akiufungulia ukumbi, ukuta wa nje unaungua na kuwa weupe mtupu; akiuhifadhi ukuta, ukumbi unakuwa shimo jeusi. Kwa hiyo weusi tunaouona katika milango ya picha za zamani si ushahidi kwamba ndani hapakuwa na kitu. Ni mahali ambapo kioo kilifikia kikomo chake.

Kulikuwa na kikomo kingine, nacho kina uzito zaidi kwa mwanahistoria wa jamii. Dawa ya kolodioni, iliyotangazwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851, ilihisi zaidi nuru ya buluu na ikawa karibu kipofu kwa nyekundu. Ni mwaka 1873 tu ndipo Hermann Wilhelm Vogel alipogundua kuwa rangi fulani zikitiwa katika dawa huiongezea uwezo wa kuhisi nuru nyingine. Kwa sababu hiyo, katika picha nyingi za karne ya 19, anga la buluu juu ya bandari hutoka jeupe tupu bila wingu, na vitu vya rangi ya kahawia au nyekundu hutoka vyeusi kuliko vilivyoonekana kwa macho. Mlango wa msaji huwa mweusi. Ngozi ya mtu nayo huwa nyeusi kuliko ilivyokuwa. Mtafiti akichukua picha kama hiyo na kuanza kuwagawa watu waliomo kwa weusi na weupe wa nyuso zao, akaamua huyu ni wa asili hii na yule ni wa asili ile, huwa anaipima kolodioni akidhani anawapima watu. Kwa nchi ambayo mgawanyo wa asili za watu umewahi kuleta madhara makubwa, jambo hili halistahili kuchukuliwa kwa wepesi.

Mafundi wa Ulaya waliutambua mkwamo huu mapema. Katika baadhi ya picha zake za bahari za miaka ya 1850, Gustave Le Gray wa Ufaransa aliunganisha vioo viwili: kimoja kilichopigwa kwa ajili ya anga, na kingine kwa ajili ya maji. Hilo lilikuwa tendo la usanii, kwa maana hakuwa akitafuta kipimo. Kipimo kilikuja mwaka 1890, pale Ferdinand Hurter na Vero Charles Driffield, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, walipochapisha uchunguzi wao wa uhusiano kati ya kiasi cha nuru iliyokiangukia kioo na weusi uliotokea baada ya kusafishwa. Walionyesha kwamba uhusiano huo, ukichorwa kwa grafu, una sehemu ya kati iliyonyooka na ya kuaminika, na ncha mbili zilizopinda ambako kioo hakisemi kweli. Tangu hapo iliwezekana, kwa nadharia, kurudi nyuma kutoka weusi wa kioo hadi kiasi cha nuru.

4. Mapigo mengi na elimu ya wapokezi

Lugha yetu imetuwekea tayari neno la kufaa. Tunasema kupiga picha; basi kila mara kamera inapofunguka na kujifunga tuiite pigo. Pigo laweza kuwa la muda mfupi au mrefu. Njia tunayoizungumzia ni ya kuunganisha mapigo mengi ya kitu kimoja, kamera ikiwa imetulia juu ya stendi na tundu la lenzi lisibadilishwe.

Tuchukue nukta moja ya ukuta, tuipige kwa muda wa sekunde 1/250, 1/60, 1/15 na 1/4. Tuseme kamera huandika kuanzia 0 hadi 255, na uandishi wake umekwisha kunyooshwa kwa grafu kama ile ya Hurter na Driffield. Katika pigo la 1/60 nukta imeandikwa 40. Pigo la 1/15 ni refu mara nne, nalo limeandika 160. Pigo la 1/250 limeandika karibu 10. Mashahidi hawa watatu wanakubaliana, kwani kila mmoja akigawanywa kwa muda wake hutoa kiasi kile kile cha nuru. Lakini pigo la 1/4 lilipaswa kuandika 600, na kamera haina nafasi hiyo. Limeandika 255 na kunyamaza. Katika nukta hii ushahidi wake haufai. Katika nukta nyingine iliyo gizani, yamkini ni pigo hilo peke yake litakalosema neno la kueleweka. Hesabu ya kuunganisha hulipa kila pigo uzito kulingana na mahali lilipoona vizuri, na kulipunguzia mahali lilipopofuka kwa nuru nyingi au kwa giza.

Kanuni hii iliwekwa katika hesabu za kompyuta na Steve Mann na Rosalind Picard mwaka 1995, na ikaenea zaidi baada ya makala ya Paul Debevec na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1997. Hao wawili walionyesha kwamba hata grafu ya kamera yenyewe yaweza kupatikana kutokana na mapigo yale yale, bila kuifungua kamera.

Msomi aliyelelewa katika madrasa za Unguja hatashangazwa na mantiki hii. Elimu ya hadithi imejengwa juu yake. Habari haipokewi kwa uzuri wa maneno yake, bali kwa kuchunguza wapokezi: nani aliona, alikuwa wapi, kumbukumbu yake ilikuwa na nguvu kiasi gani, na je, amepingwa na mwaminifu kuliko yeye? Mpokezi mmoja aweza kuaminiwa katika jambo moja na kutiliwa shaka katika jambo jingine. Habari iliyopokewa kwa njia nyingi hupata nguvu ambayo njia moja haina.

Hata hivyo, mlinganisho huo pia unatuonya. Njia nyingi zinazokutana kwa mpokezi mmoja hazina nguvu ya njia zilizo huru. Mapigo yetu yote yamepitia lenzi moja. Lenzi ikiwa na doa, doa litakuwamo katika mapigo yote na wingi wake hautaliondoa. Tena, mapigo ya muda tofauti yanatuambia tu ni nuru kiasi gani imetoka ukutani kuijia kamera. Hayatuambii ni kiasi gani ni sifa ya ukuta na kiasi gani ni ukarimu wa jua. Kwa hilo twahitaji hatua mbili zaidi. Ya kwanza ni kuweka kando ya kitu kibao cheupe ambacho kiwango chake cha uakisi kinajulikana. Kibao kikirudisha asilimia 90 ya nuru, na ukuta uliopigwa kwa nuru hiyo hiyo ukaandika nusu yake, twajua kwamba ukuta unarudisha asilimia 45. Ya pili ni kuihamisha taa huku kamera ikibaki mahali pake. Mwaka 1980 Robert Woodham alionyesha kwamba uso usiong'aa, ukipigwa picha kwa nuru ya pande tatu zinazojulikana, hufichua mwinamo wa kila nukta yake. Mwaka 2001 Tom Malzbender na wenzake wawili wa maabara ya Hewlett-Packard walibuni njia ya kuunganisha picha za taa za pande nyingi, ili mtazamaji aweze baadaye kuihamisha nuru katika kompyuta apendavyo. Mwaka 2005 njia hiyo ilitumika kusoma maandishi yaliyofifia juu ya vipande vya chombo cha shaba cha Antikythera, kilichotolewa katika bahari ya Ugiriki, na herufi ambazo hazikuwahi kusomwa zikasomeka.

5. Kizimkazi: kusoma jiwe lisilo na nukta

Sasa tuingie Kizimkazi. Msikiti wa Dimbani, kwa sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo, ni wa karne ya 18, lakini ndani yake, kandokando ya mihrabu, yamehifadhiwa maandishi ya hati ya Kufi yenye tarehe ya Mfungo Pili mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi yenye tarehe katika pwani yote ya Waswahili. Francis Pearce aliutaja msikiti huu katika kitabu chake kuhusu Zanzibar cha mwaka 1920. Samuel Flury akayachapishia maandishi yake uchunguzi kamili mwaka 1922. Neville Chittick akafanya uchimbaji Dimbani mwaka 1960. Na Freeman-Grenville na Martin wakayaingiza katika orodha yao ya maandishi ya Kiarabu ya pwani mwaka 1973. Tarehe ya maandishi imekuwa nguzo ya hoja nyingi: kuhusu ukongwe wa Uislamu Unguja, kuhusu uhusiano na Ghuba ya Uajemi, na kuhusu kama mawe haya yalichongwa kwa ajili ya msikiti huu au yalihamishwa kutoka jengo lililotangulia.

Wengi wanaojenga hoja hizo wanayajua maandishi kwa picha zilizochapwa. Hapana ubaya katika hilo, mradi tukumbuke picha ni kitu gani. Maandishi haya yana ugumu wa aina tatu. Kwanza, hati ya Kufi ya namna hii haina nukta. Herufi ambazo nukta ndizo huzitofautisha, yaani ba, ta, tha, nuni na ya, huweza kuwa jino moja lenye umbo lile lile katikati ya neno. Msomaji hutegemea urefu wa jino, mkato wake na namna lilivyoungana na jirani yake. Pili, fundi amezipamba herufi kwa majani na mikunjo; mtu asiyeona kina cha mchongo anaweza kulisoma jani kuwa sehemu ya herufi, au kuiacha herufi akidhani ni jani. Tatu, jiwe lenyewe ni tumbawe. Mafundi wa pwani walilichonga tumbawe la bahari likiwa bado bichi na laini, kabla halijakauka na kuwa gumu. Tumbawe lina vitundu vyake vya asili, na vitundu hivyo katika picha huweza kufanana na ncha ya patasi.

Kwenye ugumu huo tuongeze nuru ya mahali. Kibla cha Unguja kinaelekea karibu kaskazini halisi, kwa kuwa Makka iko karibu juu ya mstari ule ule wa longitudo. Uso wa ndani wa ukuta wa mihrabu hutazama kusini, na jengo lina paa. Nuru inayoyafikia maandishi, kwa sehemu kubwa, ni ile iliyokwisha kugonga sakafu na kuta nyingine ikatawanyika. Nuru ya namna hiyo huja kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja, na huvifuta vivuli. Mchongo usio na kivuli hulala bapa katika picha. Ukitumia taa kali ya mbele, hali huwa mbaya zaidi. Ukiilaza taa ubavuni, michongo ya wima huinuka ilhali ya ulalo hujificha, na ukiipeleka taa juu, mambo hugeuka. Kila picha, basi, huwa imekwisha kuchagua herufi za kuonyesha na za kuficha, kabla msomaji hajafungua kamusi yake.

Njia ya mapigo mengi huliondoa tatizo hili mikononi mwa bahati. Taa ikizungushwa katika nafasi 40 au 50, na kwa kila nafasi yakapigwa mapigo mawili au matatu ya muda tofauti, kila nukta ya jiwe huwa na ushahidi wake. Mkato wa patasi una kingo mbili zenye mwinamo unaofuatana kwa urefu wa herufi. Kitundu cha tumbawe hakina mfululizo huo. Jino lililovunjika huacha uso unaoitawanya nuru tofauti na uso uliosuguliwa na fundi. Safu ya chokaa iliyopakwa baadaye huwa na kiwango chake cha uakisi, hata pale ambapo rangi yake imefanana na jiwe. Haya yote hupimika, na mtafiti wa pili akiwa Muscat au Nairobi anaweza kuyarudia kwa kutumia picha zile zile.

Pamoja na hayo, vipimo havisomi Kiarabu. Anayeamua kwamba jino hili ni nuni na si ya ni mtu anayejua nahau, majina ya watu na desturi za waandishi wa zama zile. Kazi ya kipimo ni kumzuia asijenge hoja yake juu ya kivuli.

6. Kilichoanguka na kilichobaki

Haja ya kazi hii haiwezi kungoja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, iliporomoka. Jumba hilo lilikuwa limeshuhudia mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896, na lilikuwa moyo wa ule Mji Mkongwe uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hakuna jengo la Unguja lililopigwa picha mara nyingi kuliko hilo. Lakini picha hizo ni za pigo moja moja, katika saa mbalimbali, na kwa kamera zisizofanana. Zinatusaidia kujua idadi ya nguzo na umbo la roshani. Nyingi hazina kibao cheupe wala kumbukumbu ya muda wa pigo, na kwa hiyo haziwezi kutuambia kwa kipimo lipu ya ukuta ilirudisha nuru kiasi gani, wala unyevu ulianza kuifubaza wapi. Tuna maelfu ya mashahidi, na wachache tu wanaoweza kuhojiwa kwa kipimo.

Hapa inafaa kuonya juu ya fitina ya kiufundi. Simu za mkononi za leo huunganisha mapigo kadhaa zenyewe, kisha huyabana ili ukumbi na anga vionekane vizuri pamoja. Picha inayotoka hupendeza, lakini vipimo vyake vimevurugwa, kwa kuwa sehemu za giza zimeinuliwa na za nuru zimeshushwa bila kumbukumbu. Anayehifadhi kwa ajili ya historia sharti atunze mapigo yenyewe kabla hayajaunganishwa, kama vile mhariri wa utenzi anavyotunza nakala zote za hati na si toleo alilolisahihisha yeye. Kanuni hiyo hiyo inazihusu hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikiwamo zile zilizomo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar: wino uliofifia na karatasi iliyokunjamana ni nyuso nazo, na zina nuru ya kupimwa.

7. Suala la istilahi

Mtu anaweza kuuliza mada hii inatafuta nini katika taaluma za Kiswahili. Jawabu mojawapo ni kwamba kisichokuwa na jina hakifundishiki. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 iliweka msingi, lakini uwanja huu wa nuru na nyuso bado unahitaji maneno yanayotofautiana kwa makini.

Kiswahili si maskini hapa. Tuna nuru, mwanga na mwangaza. Na katika Unguja neno mwanga lina maana ya pili ya mchawi atembeaye usiku, jambo ambalo ni sababu ya kutosha ya kupendelea nuru au mwangaza katika maandishi ya kitaalamu. Tuna kumeta, kumetameta na kumeremeta kwa uso unaorudisha nuru kwa ukali. Tuna kufifia, kufubaa na kupauka kwa uso unaoipoteza. Napendekeza kuwa nuru itumike kwa kile kinachopimwa. Mwangaza kwa nuru inayokiangukia kitu. Uakisi kwa urejeshaji wa nuru kwa ujumla. Mng'ao kwa urejeshaji unaoelemea upande mmoja, kama wa shaba. Na mtawanyiko kwa ule wa kila upande, kama wa chokaa. Pigo lichukue nafasi ya kila tendo moja la kamera. Maneno haya yote yamo tayari vinywani mwa watu. Kinachotakiwa ni kuyawekea mipaka na kuyatumia kwa uaminifu.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba picha moja huchanganya habari za kitu na habari za nuru; kwamba wapiga picha wa kale wa Unguja walifungwa na mipaka ya vioo vyao, na kwamba tukiisahau mipaka hiyo twaweza kuwadhulumu watu waliomo pichani; kwamba mapigo mengi, yakipimwa kwa uadilifu kama wapokezi wanavyopimwa, huweza kuutenga uso wa jiwe na hali ya saa; na kwamba maandishi ya Kizimkazi ni mahali panapostahili njia hiyo kwa sababu ya hati yake, jiwe lake na nuru yake.

Vifaa vinavyohitajika havizidi uwezo wa idara zetu: kamera inayoruhusu muda wa pigo kuchaguliwa kwa mkono, stendi ya miguu mitatu, tochi yenye nguvu, kamba ya kupimia umbali wa taa, kibao cheupe chenye kiwango kinachojulikana, na daftari. Daftari ndilo muhimu kuliko vyote. Ndani yake iandikwe tarehe, saa, upande wa taa, muda wa kila pigo, na jina la aliyepiga. Wanafunzi wa Kiswahili, wa historia na wa fizikia wanaweza kuifanya kazi hii pamoja, kwa ridhaa ya wenye msikiti na wenye nyumba, wakaanzia Dimbani na kuendelea kwenye makaburi na milango ya Mji Mkongwe, kabla mvua za masika nyingine hazijapita juu ya kuta hizo.